Mashine Iliyojua Majina Yetu

Mbonile alipomaliza kula samaki wa kukaanga hakunawa. Alitazama mlangoni, akaona hakuna mtu, akakandamiza kidole gumba chenye mafuta kwenye kioo cha kamera ya simu ya ofisi. Kisha akapiga picha makaratasi ya lori lililokuwa linasubiri kuvuka kwenda Zambia. Picha ikatoka na ukungu kama asubuhi ya Ileje.

Akaituma. Mashine ijitafutie.

Miaka mingi makaratasi hayo yalikuwa yake. Dereva anayaleta, Mbonile anayaandika upya kwenye kompyuta: namba ya lori, jina la mwenye mzigo, uzito, kila kitu. Halafu Hezron, mwenye ofisi, kijana ambaye Mbonile angeweza kumzaa, akaleta programu. Unapiga picha karatasi, unaituma, unasubiri kidogo, maandishi yanarudi yamejipanga kila moja mahali pake. Hakuna kuandika tena.

"Mzee wangu, tunaijaribu mwezi huu," Hezron alimwambia. "Ikitufaa, wewe utapumzika."

Mbonile alijua maana ya kupumzika. Mkewe Restuta alikuwa Vwawa na kisukari chake, na sindano hazina likizo. Binti yao Faith, baada ya kuzunguka sana na cheti chake cha chuo, alikuwa amepata kibarua cha ofisini huko huko Vwawa, lakini cha Faith peke yake kisingemfikisha mama yake popote. Na mtu wa umri wa Mbonile akitolewa Tunduma anakwenda wapi? Kubeba magunia hawezi. Kwenda kuchimba dhahabu Mkwajuni hawezi. Shamba la kahawa walishaliuza, likaishia hospitali.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba mashine ilikuwa nzuri. Hezron alisema imetengenezwa na Wazungu, lakini haikukosea Nzunda wala Silwimba, majina ambayo hata maofisa wanaotoka Dar es Salaam huyapinda. Dereva wa Zambia akichanganya Kibemba kwenye karatasi yake, inaelewa. Siku umeme ulipokatika mkoa mzima, jenereta ya ofisi ilinguruma, kompyuta zikawaka, lakini mashine ilinyamaza mpaka umeme uliporudi. Hezron akasema ni mtandao.

Ndipo Mbonile alipoanza kazi ya mafuta.

Mwanzo mashine iliandika tatu badala ya nane, lori likakwama kwenye foleni. Kisha ikampa mwenye mahindi mzigo wa saruji. Wakati mwingine ilirudisha ujumbe kuomba picha nyingine, kwamba hii haisomeki vizuri. Mbonile akaijibu kwamba isome hivyo hivyo, kipofu mkubwa. Ikaandika: Samahani. Mbonile akacheka peke yake. Wameifundisha mpaka adabu.

Ijumaa, lori zima la mbolea lilirudishwa kutoka upande wa Zambia. Dereva alikuja akamtukana Hezron mbele ya wateja, Kibemba kikiisha anaongeza Kiswahili. Hezron akawapigia simu wenye programu, akaweka sauti kubwa ili kila mtu asikie anavyowapa vidonge vyao. Mtu wa upande wa pili aliomba radhi mpaka ikawa aibu kumsikiliza. Alisema tatizo wameshaliona liko wapi, na litaondolewa leo hii. Hezron akasema hataki tena hata bure, akakata simu.

Akamgeukia Mbonile. "Rudi kwenye kiti chako, mzee. Mpaka nitakapopata nyingine."

Haikuwa habari njema sana. Nyingine itakuja tu, mwezi ujao au mwakani, na huenda hiyo ikaona hata ndani ya mafuta. Lakini mtu anayezama hachagui gogo la kushika. Mbonile alipitia buchani, akanunua nyama, akapanda gari la Vwawa.

Aliwakuta Restuta na Faith wamekaa sebuleni, jiko halijawashwa. Hakuuliza. Aliweka nyama mezani akaanza kusimulia hata kabla ya kuvua viatu: kidole, samaki, saruji, matusi ya yule dereva, na jinsi mashine ya Wazungu ilivyofukuzwa na mzee wa darasa la saba. Alisimulia vizuri. Aliigiza mpaka sauti ya bwana aliyekuwa anaomba radhi kwenye simu.

Hakuna aliyecheka.

"Faith ameachishwa kazi leo," Restuta alisema.

Mbonile alikaa. Akauliza kosa lake ni nini, kisha hakusubiri jibu. Akawalaani mabosi wote, wa Tunduma na wa Vwawa, watu wasiojua uchungu wa mtoto wa mwenzao. Akasema Jumatatu atakwenda mwenyewe kuongea na huyo bosi wake, mzazi kwa mzazi.

Faith alikuwa anaitazama ile nyama.

"Hakuna mashine, baba," alisema. "Tuko wasichana chumba kizima. Wanatuletea picha, tunaandika, wateja wanaambiwa ni kompyuta. Picha za Tunduma zilikuwa zangu."