Kafuri ya Mama

Shaweji alisimama barazani kwa Bi Rukia, sanda na kafuri kwapani. Mama yake alikata roho alfajiri, na waosha maiti wengine wa kike walishamkatalia.

"Shikamoo, bibi. Nakuomba ukamwoshe mama."

Bi Rukia aliendelea kuchambua mchele. Juzi Shaweji alialikwa redioni, kipindi cha moja kwa moja, akasema waosha maiti wananuka hata nzi wanawasusa. Mtangazaji alicheka mpaka akapaliwa.

"Sisi tunanuka, mwanangu. Tutamchafua."

"Ulikuwa utani tu, bibi."

"Basi nenda kamtanie."

Alirudi nyumbani na kafuri yake. Uani, wanawake waliokuja kumlilia mama yake wakanyamaza. Alipopita katikati yao, mmoja baada ya mwingine wakaziba pua kwa khanga.