Kitu Kisichodumu

Munira alizisukuma kandambili za msichana kwa mguu hadi chini ya kochi, ndipo akafungua mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

Mzee Parit aliinama kupita, fimbo mkononi, vumbi la nyika ya Handeni hadi magotini. Hakukaa kwenye kochi. Alivuta stuli akaiweka pale pale kizingitini, akawa ameuziba mlango wote.

Chumbani, nyuma ya pazia, Nemayian alikuwa chini ya kitanda. Alifika juzi kwa miguu, kibuyu chake cha maziwa begani, na neno lake lilikuwa moja tu: hataki kuolewa, anataka kumaliza shule. Ng'ombe wa mahari walikwisha kuingia bomani. Munira, mwalimu mgeni ambaye bado aliona haya kupaza sauti darasani, alimwahidi kwamba kesho atamtorosha hadi kwao Manundu, Korogwe, akamfiche kwa mama.

Na sasa baba mtu alikuwa mlangoni.

Mfugaji akija hukimbilii chai, unampa maziwa. Munira aliingia jikoni. Maziwa yaliyokuwepo yalikuwa ndani ya kibuyu cha Nemayian, kile ambacho msichana alikisugua ndani kila asubuhi kwa kijinga cha moto, kama walivyofanya kwao, ili maziwa yapate harufu ya moshi, harufu isiyokaa siku mbili. Aliyamimina kwenye kikombe cha bati, kibuyu akakificha nyuma ya ndoo.

Mzee alipiga funda moja. Akakaa nalo mdomoni.

"Maziwa umenunua wapi?"

"Kwa kijana wa baiskeli. Anapita na dumu."

"Mh." Akatazama barabarani. "Binti yangu aliniambia unafundisha kwamba chuma hiki," akagusa sime kiunoni, "kilipikwa ndani ya nyota. Nani alikwenda kuchungulia chungu?"

Afadhali somo kuliko kimya. Munira alieleza, maneno yakikimbizana, kwamba joto la ndani ya nyota hugonganisha viini vya hidrojeni hadi vikashikamana na kuwa kitu kizito zaidi, na hicho nacho kikaungana na kingine. Mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye kioo maalumu hutawanyika rangi kama upinde wa mvua, na katikati ya rangi kuna mistari myeusi.

"Kila elementi ina mistari yake, mzee. Kama chapa ya ng'ombe."

"Chapa inaniambia ng'ombe ni wa nani. Hainiambii alizaliwa boma gani. Labda hicho chuma nyota ilikikuta tu."

Munira alishtuka. Nemayian aliuliza hivyo hivyo darasani, karibu kwa maneno hayo hayo.

"Kuna elementi moja haidumu," alisema. "Inaitwa teknetiamu. Inajimaliza yenyewe. Kama nyota kongwe ingezaliwa nayo, teknetiamu hiyo ingekuwa imekwisha zamani sana. Lakini wanasayansi wameiona mistari yake kwenye mwanga wa nyota kongwe. Kwa hiyo inapikwa humo humo, na si zamani."

"Rudia hapo."

Akarudia. Mzee alinusa kikombe, akapiga funda jingine.

"Yaani kitu kisichodumu ukikikuta kwa mtu, asikwambie kimetoka mbali."

"Ndiyo, mzee."

Chumbani kitanda kikalia. Munira akakohoa kwa nguvu, mara mbili, kikohozi cha uongo kabisa. Parit hakugeuza hata shingo. Macho yake yalikuwa barabarani bado.

"Nyumba ina mlango wa nyuma?"

"Upo... una kufuli."

"Na kwenu ni wapi?"

"Manundu."

"Gari la huko linaondoka saa ngapi?"

"Alfajiri," neno likamponyoka, akatamani alirudishe. "Na jioni. Lakini mimi siendi popote, mzee."

Parit alimaliza maziwa yote. Akasimama, na chumba kikawa kidogo. Munira alirudi nyuma hadi akalihisi pazia mgongoni, akatandaza mikono. Machozi yalikuwa yameshamlengalenga. Hakujua angefanya nini mtu huyu akimsukuma.

Hakumsukuma. Alimrudishia kikombe kwa mikono miwili.

"Alfajiri ni mbali. Ondokeni jioni hii," alisema, kwa sauti ya kufika chini ya kitanda. "Kaka zangu wanakuja nyuma yangu, na nitawaambia sikukuta kitu. Ila kibuyu kioshe kwa sabuni, mwalimu. Na wao wana ulimi."