Jina ni Lazima

Kwa miaka sita karani aliyeitwa Mdachi aliandikisha maiti wa mochwari ya mji kwa kuchapa amri kwenye skrini nyeusi. Programu ilikubali kila maiti isipokuwa mtoto aliyekufa kabla hajapewa jina. Hapo ilijibu: Jina ni lazima. Hakukuwa na mahali pa kulalamika, kwa hiyo Mdachi aliwapa majina yeye mwenyewe.

Asubuhi moja, chini ya jibu lile, palitokea mstari mpya: Ukiwa na tatizo, chapa neno maoni, kisha utueleze. Akachapa, akaeleza. Kabla ya adhuhuri simu ikalia.

"Shikamoo. Naitwa Zubeda, mimi ndiye niliyeiandika programu. Umewapa majina watoto wangapi?"

"Marahaba, binti. Mia mbili na kumi na mmoja."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningemwambia nani?"

"Na wazazi wao?"

"Wengine huja kuchukua karatasi ya kifo. Mmoja alilisoma lile jina, akaniuliza nani kamwita mwanawe hivyo."

Alasiri Zubeda alituma marekebisho. Mdachi akafungua rekodi ya kichanga kilicholetwa siku hiyo, akaruka nafasi ya jina bila kuandika kitu. Programu ikakubali, ikamtaka athibitishe.

Aliitazama nafasi ile tupu, kidole kikiwa juu ya kitufe. Mlangoni mama wa mtoto alisimama na kanga iliyokunjwa mkononi, akisubiri karatasi yake.