Nyumbani Shwari

Ujumbe wa mume wake uliingia saa sita mchana: "Nyumbani shwari, mpenzi. Kidawa ametulia. Wewe chapa kazi."

Mwanaidi aliusoma mara mbili. Mhina hakuwa mtu wa kumwita mpenzi. Miaka yote alimwita Mama Kidawa, na hakuandika bila kulalamikia jambo. Tena asubuhi ile mtoto aliachwa kifua kinambana, pumu imeanza.

Pale ofisini simu za nyumbani hazikupita saa za kazi, na kila ujumbe, uwe wa kuingia au wa kutoka, ulipitia kwanza kwa Mlainishaji, mashine iliyoondoa maneno ya kumvuruga mfanyakazi. Kadiri habari ilivyokuwa mbaya, ndivyo ilivyofika tamu.

"Siku aliyofariki mama yangu niliandikiwa kwamba ananisalimu," Bi Stumai wa meza ya jirani alinong'ona bila kuinua macho. "Nenda, mwanangu."

Mwanaidi aliandika kwanza: "Dawa yake ya kuvuta imo kwenye mkoba wa bluu, nyuma ya mlango. Mpe haraka." Akatuma, ndipo akatoka mbio, viatu mkononi.

Alimkuta Mhina ameketi barazani. Ndani, makabati yote yalikuwa wazi na nguo zimezagaa sakafuni.

"Nilikuuliza dawa iko wapi, Mama Kidawa," alisema. "Ukanijibu unanitakia mchana mwema."

Kidawa alikuwa mapajani pa baba yake, kifua hakipandi tena, ametulia kweli.