Pleti ya Mwisho

"Usiziweke kavu, Baba. Oili kwanza."

Mzee akacheka. Yeye, aliyefungua klachi za pikipiki kabla binti huyu hajazaliwa, leo anakumbushwa oili! Hata hivyo alizitumbukiza pleti za klachi kwenye beseni la oili, akazigeuza mojamoja hadi zikang'aa.

Ndivyo walivyoamka kila siku. Akili ilikuwa imeanza kumtoka Mzee kidogokidogo. Akitafuta choo anajikuta jikoni, na jina la marehemu mkewe humkwama kooni kama mwiba. Binti ndiye pekee asiyechoka naye. Alimkalisha kwenye benchi la gereji, uani mwa nyumba ya Mzee mwenyewe, akamfunza upya kazi yake ya zamani. Pleti ya msuguano, pleti ya chuma, ya msuguano, ya chuma. Akikosea, wanabomoa na kuanza tena.

"Lazima upatie, Baba. Kaka anasema akili huna. Anataka akuhamishie kwake."

"Mimi nikakae kwa watu? Kwani hapa si kwangu?"

"Ni kwako. Ndiyo maana nataka upatie."

Kaka mtu alikuwa amesema hivyo kweli. Alimwambia wakili kwamba baba yao hajui tena asemalo, na kwamba neno lolote atakalotoa kuhusu mali yake lisihesabiwe. Dada akamjia juu. Walivutana mpaka sauti zikawakauka, kisha wakakubaliana: Mzee afungue klachi na kuirudisha mbele ya wakili. Akipatia, kaka anyamaze.

Siku ya jaribio, karani wa wakili ndiye aliyetoa pikipiki yake.

"Mzee wangu, nihurumie," alitania, "nimevaa viatu vipya, nisije nikarudi kwa miguu."

Watu wakacheka. Mzee akachutama kando ya pikipiki. Akafungua kifuniko, akatoa springi, akazitandaza pleti kwenye kitambaa. Akaanza kuzirudisha.

Kwenye pleti ya mwisho mikono ikasimama. Aliitazama kama mtu aliyeamkiwa na mgeni asiyemjua. Kaka mtu akainamisha kichwa. Binti akauma kidole, machozi yakimlengalenga.

Ndipo kidole gumba cha Mzee kikapapasa mifereji ya klachi inamokaa pleti, kikakuta ile mifereji mifupi ya pembeni. Pleti ya mwisho haikai njia moja na wenzake. Ina kao lake. Ikaingia, tik. Baada ya hapo hakuna kilichomzuia. Springi, bolti, akizikaza kwa kupishanisha, hii kidogo, ya mkabala kidogo, ili pleti zisilale upande.

Karani akapiga kiki, akatia gia. Pikipiki ikaondoka laini kama maji, ikazunguka mtaa, ikarudi. Watu wakapiga makofi.

Kaka mtu alimkumbatia baba yake, hakutaka kumwachia. "Nisamehe, Baba. Nilikukatia tamaa mapema."

"Akili timamu," wakili akatangaza. "Sasa, Mzee, una neno?"

Mzee alimtafuta binti yake kwa macho. Yule akamwitikia kwa kichwa taratibu, kama alivyofanya walipokuwa kwenye benchi.

"Nyumba na gereji," Mzee akasema kwa sauti iliyonyooka, "nampa binti yangu. Ndiye aliyenishika mkono."

Hakuna aliyepinga. Hata kaka mtu aliitikia. Mzee akaweka dole gumba kwenye karatasi aliyoiandika wakili. Oili nyeusi ilimtosha, hakuhitaji wino.

Wageni wakaaga. Kaka mtu akaondoka nao, akiahidi kuja kumwona Jumapili. Mzee akaenda nyuma ya nyumba kunawa, akijichekea peke yake. Alisugua oili mpaka kwenye kucha, akarudi akijifuta mikono kwenye suruali, hamu yake ikiwa kuketi tu na mwanawe.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, nakala ya ile karatasi mkononi.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa adabu. "Unamtafuta nani?"

Mzee alimtazama usoni. Akaitazama nyumba, kisha benchi, kisha akamtazama tena. Jina likakataa kuja. Aibu ikampanda.

"Samahani, mama," akasema. "Nadhani nimekosea nyumba."

"Haidhuru, mzee, hutokea," binti akamjibu, akamsindikiza hadi barabarani na kufunga geti.