Kitasa Kipya

Wageni wa matanga walipokwisha kuondoka, Faustini alirudi na fundi wa kubadilisha kitasa cha nyumba ya marehemu kaka yake, Sosteni.

"Shemeji, unanifungia nje?" Leokadia aliuliza. Alikuwa ameishi na Sosteni miaka mingi. Tofali za nyumba ile walizifyatua pamoja.

"Shemeji kwa ndoa ipi, dada?" Faustini alijibu, macho chini. "Kaka hakukuoa, wala hakuacha wosia. Nyumba ni ya ukoo."

Hilo "dada" lilimkata maini Leokadia. Faustini hakuwahi kumwita hivyo.

"Samahani, mama," fundi alisema kwa upole, "sogea kidogo nipate mwanga."

Leokadia akasogea hadi uani. Akasimama juani pekupeku, viatu vyake vikiwa bado uvunguni mwa kitanda.