Ndege Iliyopita Mkunguni

"Zimeni moto! Kila jiko!"

Carlota alikuwa anakimbia baina ya nyumba, kanga imemdondoka mabegani. Ndege ilikuwa inakuja kutoka baharini.

Abeid, balozi wa nyumba kumi pale Mkunguni, hakungoja kuambiwa mara ya pili. Carlota alikuwa amevuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji na mtoto mmoja mgongoni. Wanawe wengine aliwazika ng'ambo, siku ndege za Wareno zilipochoma kijiji chao. Yeye ndiye aliyewafundisha kufunika mapaa kwa matawi mabichi, kuanika nguo chini ya mikorosho na kuficha mbuzi kichakani.

Abeid alimshika mkono binti yake Fauzia, ambaye mimba yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuonekana, akamlaza ubavu chini ya mkorosho.

Ndege ilipita. Ikarudi. Ikapita tena pembeni kidogo, taratibu, kama mtu anayelima matuta.

"Wanatutafuta," Carlota alinong'ona.

Hakuna aliyekohoa. Mtoto aliyetaka kulia alizibwa mdomo kwa titi. Hatimaye mlio ukafifia kuelekea Mtwara.

"Hawakutuona," alisema Carlota, akaangua kilio. Watu walimkumbatia, wakamletea kuku. Abeid alisujudu palepale mchangani.

Tumbo la Fauzia likakua, na hofu ya Abeid ikakua nalo. Mama yake Fauzia, marehemu Mgeni, alifia njiani akiwa na uchungu wa kujifungua, juu ya kitanda alichobebewa kwenda hospitali mjini. Tangu hapo Abeid alikuwa anaomba zahanati. Ofisini Mtwara walimwahidi: wataalamu wangekuja kwanza kuona watu wanaishi wapi, ndipo waamue. Basi akafyeka njia ili Landrova isikwame, akangoja. Landrova haikuja.

Mara akasikia matofali ya zahanati yanashushwa mahali pengine, mbali, ng'ambo ya mikoko, ambako mwanamke mwenye uchungu hafiki. Akaenda Mtwara, kipande kwa miguu, kipande juu ya lori la korosho.

Afisa alikuwa kijana mpole. Alimvutia kiti mwenyewe, na upole ule ukamtia Abeid wasiwasi.

"Ndugu Afisa," alisema, "mmeamua bila kutuona. Sisi kule ni wengi kuliko hao wa ng'ambo ya mikoko. Binti yangu mwezi wake umeingia. Kwa nini hamkutuletea wataalamu?"

Afisa akafungua faili mezani. Kisha akasema, "Walikuja, mzee wangu. Walipita kwa ndege, wakapiga picha pwani yote mpaka mtoni. Huko kwenu hawakuona hata nyumba moja."